UZI: Kibendera mpya anakosea kuotea kwa sababu ya miguu, si macho wala bahasha

#1 Laini ya Pili

Wakuu, mbukwenyi.

Naomba tulijadili hili kitaalamu, tuweke pembeni lugha ya "kahongwa". Mechi za mitaa hapa Dodoma, uanzie Nkuhungu umalizie Nzuguni, lawama ya kwanza inamwangukia mshika kibendera. Hoja yangu ni kwamba vijana wanaotoka kozi wanazijua sheria, na macho wanayo. Kinachowaangusha ni kwamba pasi inapotoka mguuni hawapo sambamba na beki wa pili kutoka mwisho.

Mtazameni kibendera mpya yeyote. Mpira ukiwa kati anasimama wima kama mlinzi wa benki. Pasi ndefu ikipigwa anakurupuka, anafika mabeki wameshapanda, anajaribu kufunga breki kwenye vumbi, anapitiliza mita moja au mbili upande wa goli. Ukiwa huko mbele kila mshambuliaji anaonekana kaotea, na bendera inapanda.

Swali kwa wanaofundisha: mnalirekebishaje hili hatua kwa hatua? Jibu la "awe makini" silitaki.

#2 Chokaa Nyeupe

Beki wa pili kutoka mwisho AU mpira, kile kilicho karibu zaidi na mstari wa goli. Mpira umeusahau. Straika akishawapita mabeki na mpira mguuni, kibendera anaufuata mpira, mabeki anawaacha huko huko nyuma.

#3 Zabibu Kavu

Nimekaa paleee chini ya mwarobaini nasubiri atakayesema kipa hahesabiwi.

#4 Mgogo wa Makole

Kwani anahesabiwa? Si tunasema beki wa mwisho?

#5 Zabibu Kavu

Kumekucha.

#6 Hesabu za Kizota

Mkuu wa Makole, sheria inasema mpinzani wa pili kutoka mwisho, haijali kavaa glovu au hajavaa. Kwa kawaida wa mwisho ni kipa, ndiyo maana watu wanamtazama beki mmoja tu. Kipa akitoka kufuata kona na kubaki mbele, wa mwisho anakuwa beki aliye mstarini, na wa pili anaweza kuwa kipa mwenyewe au beki mwingine. Vibendera wengi wanaliwa hapo.

Sasa mleta uzi. Umesema ukipitiliza "kila mshambuliaji anaonekana kaotea". Si kweli, na ukimfundisha kijana hivyo utamharibu. Inategemea mshambuliaji yuko upande gani wa beki ukitazama kutokea laini.

Kibendera amepitiliza mita 1 kuelekea goli. Beki yuko mita 10 kutoka laini, mshambuliaji yuko mita 30, ng'ambo ya beki. Mstari wa jicho unaopita kwa beki unaendelea kwa mshazari, na ukifika kwa mshambuliaji umesharudi nyuma mita 2. Mtu aliye nyuma ya beki kwa mita moja na nusu, mzima kabisa, ataonekana kaotea. Hapo unamwonea.

Geuza. Beki yuko mita 30, mshambuliaji yuko mita 10, upande wa kibendera. Mstari ule ule ukipita kwa mshambuliaji unakuwa sentimita 67 mbele ya beki. Aliyeotea kwa nusu mita ataonekana yuko sawa. Hapo unapeta, yaani unamwachia.

Ukichelewa mita 1 kinyume chake ndicho kinatokea: wa karibu unamwonea, wa mbali unampetea. Ukitaka kupiga mwenyewe: gawa umbali wa mshambuliaji kwa umbali wa beki, toa kwenye moja, zidisha kwa mita ulizopotea. Sambamba ya kweli jibu ni sifuri popote walipo.

#7 Laini ya Pili

Nimerekebishwa, asante mkuu. Maana yake winga wa ng'ambo ndiye anayeonewa zaidi na kibendera aliyepitiliza?

#8 Hesabu za Kizota

Hasa pale beki anayecheza mstari yuko karibu na laini. Kosa la mita moja la miguu linazaa mita mbili za uamuzi.

#9 Ubongo Mwepesi

Hoja ya miguu si ngeni. Watafiti wa Uholanzi waliichapisha kwenye jarida la Nature mwaka 2000: vibendera kwa wastani husimama kama mita moja mbele ya mstari, na makosa yao yanafuata jiometri hiyo hiyo ya mkuu wa Kizota. Ila walikuja wengine baadaye wakasema tatizo kubwa liko kichwani.

Kitu kinachokwenda kasi, ubongo hukiona kimetangulia kidogo kuliko pale kilipo wakati tukio linatokea. Mshambuliaji anakimbilia goli mita 7 kwa sekunde, beki anapanda mita 3 kwa sekunde. Wanaachana mita 10 kila sekunde. Sehemu ya kumi tu ya sekunde ikipotea kichwani, mita nzima imekwenda. Kibendera anaweza kuwa sambamba kabisa na bado akamwonea mtu.

Namna ya kutofautisha: chukueni daftari, andikeni makosa ya kijana mechi tano. Kama shida ni miguu, makosa yatakwenda pande zote, mara anaonea, mara anapeta, kufuatana na nani yuko karibu na nani yuko mbali. Kama ni ubongo, yataegemea upande mmoja: kuwaonea wanaokimbia.

#10 Mzee wa Kipenga

Wanangu mnaleta mambo ya maabara. Dawa ni sikio. Macho yasitoke kwenye mstari wa mabeki hata sekunde moja, sikio lisikie "pu!" ya kiatu. Ukisikia pu, picha iliyo machoni wakati huo ndiyo uamuzi. Kijana anayehangaika kumtazama mpigaji kisha kurudisha macho kwa beki, akirudi anakuta picha ya pili, ile ya kwanza imeshapita.

#11 Hesabu za Kizota

Shikamoo mzee. Nusu nakubali. Kuhamisha macho kunakula kama sehemu ya tano ya sekunde kabla hata hayajatua, kwa hiyo kumtazama mpigaji ni hasara kweli. Ila sauti nayo ina safari yake, mita 340 hivi kwa sekunde. Pasi ikipigwa mita 17 kutoka kwako, pu inakufikia baada ya 0.05 ya sekunde, na kwa mwachano ule wa mita 10 ni nusu mita. Pasi ya mita 50 kutoka beki ya ng'ambo, pu inafika baada ya 0.15. Hiyo ni mita moja na nusu, na inaongezea kosa lile lile la ubongo kwa sababu inaegemea upande huo huo.

#12 Mzee wa Kipenga

Marahaba. Sasa pasi ya mita 50 usikie nini, jicho la pembeni linafanya kazi gani? Sikio ni la pasi za kupenyeza karibu na boksi la kumi na nane. Hizo ndizo zinazoleta ngumi.

#13 Kizota Ekspresi

Na ngoma za mashabiki je? Hiyo pu itasikika wapi, mzee, labda mechi ya mochwari.

#14 Mwalimu wa Michezo

Mleta uzi aliomba hatua, naona tumeingia fizikia. Hizi ndizo za kumfundisha kijana wiki ya kwanza, kabla hajashika bendera.

Mwili kwanza. Kifua kinatazama uwanja muda wote, mabega sambamba na laini. Mabeki wakisogea taratibu anakwenda mwendo wa kaa: magoti yamekunjwa kidogo, uzito kwenye vidole, mguu wa nyuma unaufuata wa mbele lakini HAUUPITI. Miguu ikipishana tu, beki akibadili upande kijana anajikwaa au anachelewa hatua mbili. Mwendo huu ni wa mita chache, hadi kumi hivi. Mabeki wakifungua mbio anageuza nyonga, anakimbia mbele kama mwanariadha, ila kidevu kimebaki begani upande wa uwanja. Kosa la wapya ni kung'ang'ania ukaa wakati beki anachanja mbuga, au kukimbia mbele akitazama kibendera cha kona.

La pili, wa kumfuata ni beki. Straika ndiye anayekuvuta. Jicho linapenda kinachokwenda kasi, miguu inalifuata jicho, unajikuta umepitiliza. Hiyo mita moja ya mbele inazaliwa hapo.

La tatu, agande. Pasi inapotoka, kichwa kitulie. Kama haiwezekani kusimama, aende kasi ile ile ya beki, asiwe katikati ya kufunga breki. Kichwa kinachoruka juu chini hakioni sentimita 30.

La nne, asubiri. Aliyeotea hana kosa mpaka aucheze mpira, amzuie mpinzani au anufaike kwa kuwa pale. Kijana aanze kuhesabu kimoyomoyo "moja" kabla ya kuinua. Bendera ya pupa ikishapanda haina pa kurudi.

Halafu mkono: anainua wa kulia, wima, bendera imekunjuka. Refa akipuliza ndipo anaonyesha eneo. Aliyeotea upande wa ng'ambo, bendera inaelekea juu kidogo. Wa kati, inanyooka usawa wa bega. Wa karibu, inashuka chini kidogo. Refa akikataa kwa ishara, shusha, endelea na kazi, usifanye uso wa kuonewa.

#15 Bi Kibendera

Mwalimu, hapo mkono ufafanue, wanafunzi wako watachanganya. Wa kulia ni wa KUINUA ishara ya kuotea, kwa sababu unaacha jicho likione vizuri kiwanja. Wakati wa kukimbia bendera inakaa mkono ulio upande wa uwanja ili refa aione. Kwa mlalo wa kawaida (refa anakimbia kwa mshazari, kila kibendera ana nusu yake) nusu yako ya uwanja iko kuliani kwako ukiangalia ndani. Ukikimbilia kona, uwanja uko kushoto, bendera mkono wa kushoto. Ukirudi mstari wa kati, inahamia kulia. Na kuihamisha ni chini, mbele ya mapaja, wala si juu ya kichwa kama unafukuza nzige kwenye mtama.

#16 Mwalimu wa Michezo

Sahihi dada. Nilikimbilia.

#17 Zabibu Kavu

Mwalimu wa michezo anakimbilia, vibendera wanapitiliza. Tumeujua ugonjwa ulikoanzia.

#18 Chokaa Nyeupe

Mnamlaumu kijana, uwanja hamuulizi. Kuotea kunapimwa kwa mstari sambamba na mstari wa goli. Kibendera hana huo mstari, anaukisia kwa kunyoosha jicho pembe mraba kutoka laini yake. Sasa nendeni kwenye viwanja vyetu mkapime pembe ya kona. Vingi vilichorwa kwa kuelekezea macho kwenye mti.

Kona ikiwa imepinda digrii 1 tu, kwenye uwanja wa upana wa mita 60, jicho lililonyooka vizuri kabisa linafika ng'ambo likiwa limekosea mita 1 na sentimita 5. Huyo kijana asimame sambamba, agande, asikie pu, bado atakosea.

Dawa ni kamba. Toka kona pima mita 9 kwenye mstari wa goli, weka kigingi. Pima mita 12 kwenye laini ya pembeni, kigingi. Kati ya vigingi viwili lazima ipatikane 15 kamili. Ikizidi, kona imefunguka, ikipungua imebana, sogeza laini ya pembeni, usiguse ya goli. Msitumie 3, 4 na 5 kama darasani, kosa la sentimita mbili kwenye kipimo kifupi linakuwa kubwa likifika mstari wa kati. Na kamba isiwe ya nailoni inayovutika.

Julai na Agosti upepo wetu unapeperusha majivu kabla ya mapumziko. Mwagieni mstari maji kwa ndoo ya kumwagilia bustani, chokaa ishike ikiwa mbichi. Chokaa ya kujengea inaunguza macho na ngozi, anayemwaga asimame upande upepo unakotoka na watoto wasiichezee. Upana wa mstari usizidi sentimita 12, na wa goli ulingane na unene wa mwamba. Nimeshachoka kuona mstari wa goli mnene kama barabara ya vumbi ya kwenda Chamwino.

#19 Mgogo wa Makole

Na wale wanaosimama juu ya laini na bajaji zao je? Kibendera anakimbilia ndani ya uwanja, mita moja na nusu kutoka laini.

#20 Chokaa Nyeupe

Kamba ya pili, mita 2 nje ya laini, mechi isianze mpaka watu wako nyuma yake. Kibendera akiingia ndani umbali wake na mabeki unafupika, na ile hesabu ya mkuu wa Kizota inazidi kuwa kali kwa wachezaji wa karibu. Halafu anagongana na winga.

#21 Netiboli Oyee

Naingilia kidogo kutoka upande wa pili. Kwetu netiboli kwa kawaida mwamuzi hakanyagi ndani, anatembea nje ya laini na mstari wa goli wa nusu yake. Uwanja mita 30.5 kwa 15.25, mpira haukai mkononi zaidi ya sekunde 3, mzuiaji anakaa mbali kidogo na mguu wa mwenye mpira. Kwa kasi hiyo ukiufuata mpira kwa macho umechelewa tayari, kwa hiyo mwamuzi mpya anafundishwa kutazama mpira unakokwenda, na miguu itangulie. Naona vibendera wenu wanafundishwa kinyume: wausubiri mpira, ndipo wakimbie.

#22 Kizota Ekspresi

Dada, mita 15 hizo ni upana wa boksi letu. Njoo ukimbie mita 50 kwenye mchanga wa Ihumwa kisha utuambie miguu itangulie wapi.

#23 Netiboli Oyee

Boksi lenu ni mita 40 na ushee kwa upana, kaka, kuingia ndani ndiyo 16.5. Anza kwa kuujua uwanja wako.

#24 Zabibu Kavu

😂😂 Kilo mbili za zabibu kwa dada, anayelipa ni Ekspresi.

#25 Pilato wa Kati

Nusu ya mnayomtwika kibendera ni ya refa wa kati. Mlalo, ule uliosambazwa na Mwingereza Stanley Rous, kazi yake ni mchezo ubaki katikati ya refa na kibendera anayeongoza. Refa mpya anakata kona, anakimbia katikati ya uwanja nyuma ya mpira, kibendera yuko mgongoni kwake. Bendera imepanda sekunde tatu, refa haioni, goli limefungwa, sasa ndiyo anaiona. Mashabiki wanasema kibendera kachelewesha.

Mlalo uwe mpana. Refa akae ukingo wa nje wa mchezo, karibu vya kutosha kuona mguu unagusa nini, mbali vya kutosha asiwe kizuizi cha pasi. Mpira ukisimama, jambo la kwanza ni macho kwa kibendera, kabla hata ya kumtazama aliyeanguka.

Na haya myamalize chumbani kabla ya mechi, dakika tano zinatosha. Goli safi: kibendera hainui kitu, anakimbia mita 25 hadi 30 kuelekea mstari wa kati, refa ameshaelewa. Mpira umevuka mstari lakini refa hana hakika: anainua kwanza. Goli kiki: anahakikisha kwanza mpira umewekwa ndani ya eneo la goli, ndipo anatoka kwenda kwenye mstari wa kuotea. Haujawekwa vizuri, hatoki, anainua bendera. Penalti: anasimama pale mstari wa kumi na nane unapokutana na mstari wa goli. Kona: nyuma ya kibendera cha kona, sambamba na mstari wa goli.

Hiyo kona ndiyo chuo kikuu cha vibendera. Mpira unapigwa kichwa nje, mabeki wote wanatoka mbio kama wamemwagiwa maji ya moto, kijana bado yuko mstari wa goli anashangaa. Mpira unarudishwa ndani, watu wanne wako nyuma ya mabeki, na yeye yuko mita 12 kutoka mstari. Kwa mtazamo wangu makosa mabaya zaidi yanatoka kwenye mpira huo wa pili, si kwenye pasi ndefu za mleta uzi. Umbali ule hakuna hesabu itakayomwokoa.

#26 Laini ya Pili

Hapo ni kweli, lakini bado ni miguu 😀

#27 Ubongo Mwepesi

Kwenye mpira wa pili mabeki wanatoka kwa kasi na washambuliaji wengi wamesimama. Kuachana bado ni mita 6, 7 kwa sekunde. Bado ni ubongo.

#28 Chokaa Nyeupe

Bado ni kona ambayo haina pembe mraba.

#29 Bi Kibendera

Jua hamjaligusa. Viwanja vyetu vikilala kaskazini kwenda kusini, kibendera wa laini ya mashariki anatazama magharibi kipindi chote cha pili. Mechi ikianza saa kumi, saa kumi na moja na nusu jua liko usoni na vumbi linang'aa, wachezaji wanageuka vivuli vyeusi, rangi ya jezi huioni. Kugeuza mlalo hakusaidii, kunabadili nusu tu, laini ya mashariki bado ina mtu. Kinachosaidia: mwenye uzoefu apewe mashariki kipindi cha pili, jezi mbili zitofautiane kwa weusi na weupe, rangi pekee haitoshi (nyekundu na kijani kibichi kwenye jua lile ni kitu kimoja), na kijana asome miguu ya mabeki, chini hakuna mwanga mwingi. Ila akumbuke kichwa na kiwiliwili navyo vinahesabiwa pamoja na miguu, mikono haihesabiwi, kuanzia usawa wa chini ya kwapa.

#30 Mwalimu wa Michezo

Zoezi, kwa wanaotaka kumaliza ubishi. Mabeki watatu, straika wawili, mpigaji mmoja, kibendera. Mpigaji anapiga pasi, papo hapo mwalimu anapuliza, wote wanaganda. Mnanyoosha kamba toka kwa beki hadi laini, mnapima kwa futi ya fundi mguu wa kibendera uko wapi. Mbele andika jumlisha, nyuma andika toa. Mara 20 kwa kila kijana. Jumlisha zikijaa, anamfuata straika. Toa zikijaa, pumzi au ukaa umemzidi. Zikichanganyika hajui kuganda.

Kwa miguu peke yake: koni tatu, ya pili mita 2 kutoka ya kwanza, ya tatu mita 8 mbele yake. Kimbia mita 10 hadi ya tatu, rudi kikaa mita 8, rudi tena kikaa mita 8 ukitazama upande ule ule, kimbia mita 10 hadi ulipoanzia. Pumzika, rudia mara tano. Dumu la lita tano lenye mchanga linatosha kuwa koni.

#31 Hesabu za Kizota

Zoezi la kwanza lina tundu, mwalimu. Mwenye kasi ya mita 7 akisikia kipenga hagandi, anateleza mita kadhaa. Beki anateleza kwa mwendo wake, kibendera kwa wake. Unachopima ni breki za watu. Weka simu juu, ghorofani au juu ya paa la gari, rekodi, simamisha picha mguu unapogusa mpira.

#32 Mwalimu wa Michezo

Simu ya kawaida inachukua picha 30 kwa sekunde, kati ya picha na picha kwa mwachano wenu wa mita 10 ni sentimita 33. Nayo ina tundu.

#33 Hesabu za Kizota

Sentimita 33 ni afadhali kuliko mita kadhaa. Na nyingi zina mwendo wa pole, picha 120 au zaidi.

#34 Zabibu Kavu

Qatar 2022 walikuwa na kamera 12 juu ya paa na kihisio ndani ya mpira kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Sisi tuna paa la Noah.

#35 Mzee wa Kipenga

Na wale wanaopiga kelele nje kwamba sambamba ni kuotea, waambieni hiyo ilifutwa 1990. Kabla ya hapo ilikuwa kosa kweli. Wengine wamebaki huko na wanamtisha kijana mpaka anainua.

#36 Mgogo wa Makole

Kurusha mpira hakuna kuotea, kona hakuna, goli kiki hakuna. Hayo nayajua. Kipa akirusha kwa mkono je, kuotea kupo? Na picha inachukuliwa mpira ukiwa wapi?

#37 Bi Kibendera

Kupo. Kwa pasi ya mguu unachukua pale mguu unapougusa mpira mara ya kwanza. Kwa kipa anayerusha kwa mkono, tangu marekebisho ya 2025/26, ni pale mpira unapouachia mkono. Msimu huo huo ndio ulioleta sekunde 8 za kipa kushika mpira, akizidisha ni kona. Refa anahesabu tano za mwisho kwa mkono juu.

#38 Mzee wa Kipenga

Sasa mrusho wa kipa hauna pu. Hapo sikio langu limekwisha.

#39 Ubongo Mwepesi

Mzee kakubali!

#40 Mzee wa Kipenga

Nimekubali la kipa tu. La kumi na nane sijakubali.

#41 Laini ya Pili

Jumamosi asubuhi kabla ya jua kali, nani analeta kamba isiyovutika? Chokaa Nyeupe apime kona kwanza, kisha vijana watatu wafanye zoezi la mwalimu kwa simu ya mkuu wa Kizota. Daftari la jumlisha na toa tuliweke hapa.

#42 Chokaa Nyeupe

Kamba ninayo, mita 30, ya katani. Vigingi vinne. Nahitaji mtu wa kushika ncha ya pili ambaye hatakuwa anaangalia simu.

#43 Kizota Ekspresi

Nitashika mimi. Zabibu nalipia hapo hapo.

#44 Netiboli Oyee

Kilo mbili, nyekundu. Na upime boksi ukiwa huko.